Miguu ya Mzungu wa Mbao

Nilikichukia kile kitu kabla hakijashushwa kwenye lori. Kilikuja Jumatatu, kimefunikwa turubai na kufungwa kwa kamba za ng'ombe, juu ya lori la pareto la memsabu mmoja wa upande wa Njoro. Wanaume sita waliokibeba walikuwa wakitukana kwa lugha nne. Mchungaji wetu alitembea kinyumenyume mbele yao akisema, "Polepole, jamani, polepole, hiki ni kitu cha Bwana."

"Basi Bwana aje ashike hii kona," mmoja akamjibu.

Kilikuwa piano. Hiyo peke yake isingekuwa dhambi. Dhambi ni kwamba ilikuwa piano inayojipiga yenyewe. Unaitia gombo la karatasi lililotobolewa matundu, unakanyaga pedali mbili chini, na yale meno yake meupe yanazama na kuinuka bila mtu kuyagusa, utadhani kuna jini limekaa pale na limesahau kuja na mwili. Memsabu alikuwa na jina lake la Kizungu la kuiita. Sisi wa kwaya tuliiita Mzungu wa Mbao, kwa kuwa ilikuwa na meno mengi, ilipiga kelele, na haikumsikiliza mtu.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa lile la mabati, kule Nakuru, chini ya Menengai. Hakuwa na kazi nyingine. Nataka hilo lieleweke vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Miaka ile ya Mau Mau Mkikuyu aliyekutwa Nakuru bila pasi yenye muhuri wa kazi alipandishwa lori akarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, hata kama hiyo rizavu aliijua kwa hadithi za babu yake tu. Mama na wadogo zangu wawili walikuwa wamekwisha kupandishwa. Baba alibaki kwa sababu pasi yake iliandikwa "Mpiga kinanda", na mimi nilibaki kwa sababu ya Baba, nikaendelea na shule, jambo ambalo walimu wangu hawajamsamehe mpaka leo. Karani wa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alipoiandika pasi ile mara ya kwanza alicheka sana. "Mpiga kinanda! Na mimi ni mpiga chafya." Lakini muhuri aliugonga.

Kinanda chenyewe kilikuwa kikuukuu, mifuko yake ya upepo imezibwa kwa mpira wa baiskeli, na kikipanda sauti za juu kilikohoa kama mzee aliyemeza ugoro. Baba alikipiga bila kutazama vidole. Alitazama watu. Kwetu, wakati wa sadaka, sahani haipitishwi. Kila mtu hutoka kwenye benchi lake akapeleka mezani alichonacho kwa mikono yake mwenyewe: yai, viazi, mahindi, kuku aliyefungwa miguu. Na wimbo hauishi mpaka mtu wa mwisho afike. Baba akimwona cucu fulani, bibi mzee wa kwetu, anakokota mguu mbovu, alipunguza mwendo, akaurudia ubeti, akamsindikiza kwa kinanda mpaka mezani kama mjukuu aliyemshika mkono. Kuna Jumapili tuliuimba ubeti wa tatu mara saba kwa ajili ya mzee mmoja aliyekuwa akimfukuza jogoo wake chini ya mabenchi. Hakuna aliyelalamika ila jogoo.

Memsabu alitutembelea Pasaka, akakaa benchi la mbele, akatazama saa yake mpaka nikadhani anaisubiri izae. Ibada ilipokwisha alimfuata Baba palepale kwenye kinanda.

"Hii nyimbo yenu iko kama ng'ombe nakwenda dipu ya dawa," akamwambia. "Nasimama, nakula majani, nakwenda tena. Kwa nini?"

"Tunangoja watu, memsabu."

"Mungu hapana ngoja watu!"

Mchungaji alikuwa akiitikia kwa kichwa. Yule mtu angeitikia hata jiwe, mradi limevaa kofia.

Ndiyo asili ya ile zawadi. Iliwekwa palepale kilipokuwa kinanda, mgongo wake ukiwaelekea watu, na kinanda chetu kikasukumwa stoo kukaa na majembe. Jumanne akaja fundi kuifunga, Kalasinga mmoja mwenye karakana karibu na stesheni. Nilitoka shuleni nikaenda kumsumbua.

"Wewe toto, hapana gusa."

"Sigusi, bwana fundi. Naangalia tu na macho."

"Macho yako iko na mikono."

Lakini hakuna fundi anayeweza kunyamaza mbele ya mtu anayemsifu, na mimi nilimsifu kilemba, spana, ndevu, na hata namna anavyolala chini. Mwishowe akanifungulia mlango wa mbele wa ile mashine akanionyesha upau wa shaba wenye safu ya vitundu vidogo kama vya kichungi cha chai. Karatasi hupita juu ya upau, akasema. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, mashine inavuta pumzi hapo, na jino lake linapiga.

"Iko kama mtu," akasema. "Pumzi tu. Vumbi naingia hapa, kwisha, nakufa."

"Vumbi gani?"

"Vumbi yote."

"Hata ya Nakuru?"

Akanitazama kutoka chini. "Ya Nakuru iko mbaya zaidi."

Wiki ile nzima Mzungu wa Mbao alipigishwa kila jioni, mchungaji mwenyewe akikanyaga, jasho likimtoka, huku sisi wa kwaya tukimkimbiza kwa nyuma. Hakungoja mtu avute hewa. Waimbaji wa sauti za juu waliachwa kwenye ubeti wa pili kama mbuzi walioachwa na mchungaji wao. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwigiza huyo Mzungu wa Mbao. Nilikaza mabega, nikatoa macho kama samaki wa Naivasha, nikapiga hewa kwa vidole, ta-ta-ta-ta, noti zote nzito sawasawa, bila ile ya kwanza kumjali mwenzake wa pili. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka. Alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kutazama nyumba yake ikiuzwa.

Alhamisi, wakati nakusanya vitabu vya nyimbo, mchungaji alimsogelea Baba.

"Mwalimu, memsabu anasema mashine haihitaji mpigaji. Mtoto yeyote anaweza kukanyaga."

"Pasi yangu inakwisha Jumatatu," Baba akasema.

"Tutaomba."

"Tutamwomba nani?"

"Mungu, mwalimu. Mungu."

"Mungu hana muhuri," Baba akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno kama hilo. Mimi ndiye msema maneno kama hayo nyumbani kwetu, na lilinitisha kulisikia likitoka kwenye mdomo mwingine.

Hapo nikaamua Mzungu wa Mbao atakufa kabla ya Jumapili. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, memsabu angekuja, na mashine ingemfia mbele ya kofia yake. Kinanda kingetolewa stoo, Baba angekaa mahali pake, na karani angeandika alichokuwa akiandika siku zote. Niliona hesabu yangu ni safi kabisa. Mtu wa umri wangu huona hivyo mara nyingi.

Sumu nilikuwa nayo. Mjomba wangu alikuwa akichimba kule Kariandusi, kwenye ule udongo mweupe, mwepesi kuliko unga wa ngano, na kila akija alituletea kopo moja. Ukiwapaka kuku, chawa wote wanakufa. Jumamosi asubuhi Baba na mchungaji walikwenda ofisi ya bwana shauri, nami nikaenda kanisani na kopo chini ya shati.

Sitadanganya kwamba niliogopa. Nilifurahi. Nilifungua kile kimlango, nikakaa, nikakanyaga pedali, nikawa naumwaga unga kiganjani na kuusogeza kwenye upau wa shaba. Ile mashine iliunywa kama mtoto anyonyaye. Kila kitundu kilivuta chake. Ilianza kupiga wimbo wa mavuno kwa nguvu zote, kisha sauti za chini zikapotea moja moja, kisha za katikati, na mimi nikiitukana. Nilianza na Kikuyu, nikaja Kiswahili, nikamalizia na Kiingereza cha darasani, ambacho hakina matusi ya kutosha. "Meza," nikaiambia. "Meza, mbwa wewe. Mungu hapana ngoja watu."

Niliporudi kwenye chumba chetu kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, Baba alikuwa amefika, na juu ya jiko kulikuwa na nyama. Nyama, Jumamosi! Alikuwa ameketi kitandani na pasi mkononi.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Paliandikwa kwa wino mpya: "Mwendesha mashine ya muziki."

"Mchungaji amejitahidi," akasema. "Alimwambia karani mashine ina meno lakini haina miguu. Memsabu amekubali niwe miguu. Miezi sita, halafu mingine sita."

"Miguu tu?"

"Miguu tu. Mikono itapumzika." Alicheka, na kile kicheko kilikuwa na kutu. "Kesho anakuja kuisikiliza. Ikipiga vizuri, Jumatatu anatuma barua yake, na bwana shauri anatia sahihi chini ya muhuri. Isipopiga, hakuna mashine ya kuendesha. Karani ameniambia waziwazi: mashine ikisimama, na pasi imesimama. Kula."

Nilitia nyama mdomoni ikakaa hapo kama soksi.

"Baba, mashine inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Imekula dawa ya kuku."

Nilikuwa nimekwisha kuinua mikono kukinga kichwa. Hakunigusa. Aliinama, akatoa pampu ya baiskeli chini ya kitanda, akasema, "Twende."

Kalasinga alikuwa amekwenda Keringet kutengeneza jenereta ya shamba moja, na asingerudi mpaka Jumanne. Kwa hiyo tulijitibia wenyewe. Baba alishika mdomo wa pampu kwenye kila kitundu cha shaba, mimi nikasukuma. Tulidhani tunaupuliza unga utoke. Kumbe tulikuwa tunaufukuza uingie ndani zaidi, mpaka kwenye mapafu ya ile mashine, ambako hata shetani asingeufikia bila bisibisi. Kila nikisukuma, jino jingine linakufa. Saa kumi na moja jioni Mzungu wa Mbao alikuwa amebakiwa na sauti tatu, zote za juu kabisa, akilia kama mbu.

Baba aliweka pampu chini. "Leo umenisaidia sana," akasema, kwa upole ambao ningeubadilisha na viboko kumi.

"Nilitaka..."

"Nyamaza. Nilikuwa nimeimeza hiyo kazi ya miguu. Unaelewa? Nilikuwa nimekwisha kumeza, na ilikuwa inashuka."

Akakaa kwenye kiti cha ile mashine. Alisukuma kijiti fulani pembeni, zile sauti tatu nazo zikanyamaza, akaweka vidole kwenye meno na kubonyeza. Yakaitika. Kwa mkono yalikuwa mazima kabisa. Ni pumzi tu iliyokufa. Akapiga mstari mmoja wa wimbo wa mavuno, na hata mimi niliyekuwa nataka ardhi inimeze nilisikia kwamba ni yeye. Mstari ulipanda taratibu, ukapumzika pale watu wanapopumzika, ukaendelea.

"Nikipiga hivi memsabu atanijua," akasema.

"Atakujua, ndiyo."

"Simama pale. Fanya ule upuuzi wako."

"Upuuzi gani?"

"Wa kuchekesha kwaya. Ta-ta-ta."

Nimechekesha watu katika mahali pengi pasipofaa: darasani, matangani, kwenye foleni ya kukaguliwa na askari. Sijawahi kufanya mzaha mgumu kama ule. Nilikaza mabega, nikatoa macho, nikapiga hewa, na Baba akanifuata kwenye meno ya piano, noti kwa noti. Alipolegeza mahali nilimwambia, "Hapana, haipumziki hapo." Alipoinua sauti kwenye jina la Mungu nilimwambia, "Haijui huyo ni nani." Alikosea mara nyingi. Mtu aliyepiga miaka yake yote akiwatazama watu ni kazi kumfundisha kutowaona. Kabla ya saa ya kafyu, tunapofungiwa ndani, alikuwa ameshika. Alifunga kifuniko, tukarudi nyumbani, na ile nyama nilimwona akimpa mbwa wa jirani.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Memsabu alikaa mbele na kofia yenye cheri za bandia. Kutoka pale alipokaa aliona mgongo wa piano, na juu yake kichwa cha Baba, basi. Baba aliweka gombo mahali pake, akafunga macho kidogo, akaanza.

Kwenye kwaya tulikuwa pembeni, na sisi tuliviona vidole. Mabega yake hayakutikisika hata kidogo. Kutoka kifuani kwenda juu alikuwa mtu anayeendesha baiskeli kwenye mlima wa Mau, macho mbele, shingo imekauka. Chini, mikono ikiruka kama panya wawili. Jamaa wa sauti nzito aliyesimama karibu nami alifungua mdomo.

"We! Mbona anapiga na..."

Nilimkanyaga. "Imba."

"Lakini vidole..."

"Imba, au nitamwambia mkeo kule unakokunywa."

Akaimba. Habari ikapita kwenye kwaya kwa macho tu, mtu hadi mtu, na sauti zikatetemeka kidogo, kisha zikasimama. Memsabu alikuwa akigonga kiatu chake sakafuni. Kilikuwa sawasawa na Baba. Akamwinamia mchungaji akasema kwa sauti iliyofika kwetu, "Nasikia? Hii ndiyo muziki. Hapana ya mtu."

Ikaja sadaka. Gombo la wimbo wa mavuno lilikuwa na beti nne, wala si zaidi. Watu walitoka na vikapu, na foleni ikawa ndefu kuliko siku nyingine zote, maana ni mavuno. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwona Baba anaiona foleni. Kule mwisho alikuwako yule cucu wa mguu mbovu, na kikapu cha viazi kichwani, hajafika hata katikati. Ubeti wa nne ukaanza, ukaenda ta-ta-ta-ta mpaka mwisho, na Baba akainua mikono, akailaza mapajani.

Sijui kama umewahi kusikia kanisa lililojaa likinyamaza likiwa katikati ya kutembea. Watu walisimama na kuku mikononi. Kuku mmoja akaongea. Wengine wakaanza kwenda haraka haraka, wakitupa vitu mezani kama watu wanaokimbia mvua. Cucu alibaki peke yake kwenye njia. Alitazama huku na huku akiutafuta wimbo, kisha akamtazama Baba. Baba aliitazama karatasi. Nilifungua mdomo niurudie ubeti mimi mwenyewe, na Baba akanigeuzia jicho moja tu, nikaufunga. Tukausikiliza mguu wake ukikokotwa juu ya saruji, kwru, kwru, mpaka mezani. Memsabu alitazama saa akatabasamu.

Nje, Baba alipokuwa akishuka ngazi, cucu alimngoja.

"Uliniona," akamwambia.

"Nilikuona, cucu."

"Mashine yenu haina adabu."

"Haina."

"Na wewe?"

Baba alivua kofia. Cucu akageuka, akaenda zake akiukokota mguu.

Barua ya memsabu ilifika Jumatatu, na bwana shauri akatia sahihi. Jumanne Kalasinga alirudi kutoka Keringet, akaja kukagua kazi yake. Alifungua kimlango, akaona unga mweupe, akautia ncha ya ulimi. Akanitazama mimi.

"Hii toto iko shetani kamili," akasema.

"Nimekwisha kumwambia," Baba akasema.

"Mimi nasafisha. Siku mbili, atapiga tena yeye mwenyewe."

"Acha," Baba akasema.

"Naacha? Kwa nini?"

Baba aliinyoosha mikono yake mbele kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Kalasinga aliitazama, akasugua ndevu, akafunga kimlango na kukusanya spana zake.

Basi ndivyo tunavyoishi. Baba anapiga kila Jumapili, mabega makavu, na memsabu ameleta marafiki zake mara mbili kuitazama mashine isiyokosea. Nilidhani Baba ataanza kuiba: leo atachelewesha noti moja, wiki ijayo ataongeza nusu ubeti, hata mashine huzeeka. Nilimwambia hivyo. Alisema kuna watu waliozeeka kwenye lori la kurudishwa rizavu. Beti nne, mikono mapajani. Cucu sasa huanza kutembea wakati wa sala, watu wengine wote wakiwa wameinamisha vichwa, na hata hivyo hafiki kwa wakati.

Mimi nilizoea kuichukia ile mashine, na ilikuwa chuki tamu, haikunisumbua usingizi. Sasa imekufa, niliiua mwenyewe, na kila Jumapili wimbo bado unakatika. Nikiangalia ni nani aliyeukata, naona vidole vinavyofanana na vyangu, na sijui chuki yangu niipeleke wapi.